Mnyama Asiyebweka

Durban, 9 Juni

Dada yangu mpendwa Epiphanie,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba kwa tumbo lile lililotubeba sote wawili, neno hata moja la barua hii lisitoke kwako, si kwa mama mkwe, si kwa mchungaji, si kwa watoto, mpaka ipite tarehe nitakayokutajia huko chini. Usiisome kwa sauti. Habari ya Uvira hufika Durban kabla chai haijapoa, na safari hii ikifika mapema itanikuta mimi.

Baada ya hilo, pokea salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba lile goti linalokusumbua wakati wa mvua limetulia. Je, maji ya ziwa yameondoka uani, au bado mnapita juu ya matofali? Israël ameingia kweli darasa la tano kama alivyotuambia, au ni maneno yake tu? Mwambie mjomba wake bado ana ile picha ya ndege aliyomchorea. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula kidogo, nalala kidogo, na lifti ya jengo hili ikisimama kwenye ghorofa yetu naacha kupumua mpaka iondoke. Zaidi ya hapo sijambo.

Barua hii inaletwa na Mama Immaculée, yule muuza vitenge wa Kiliba ambaye unamjua kwa sauti kabla hujamwona. Nimeiweka katikati ya kitenge cha bluu kilichokunjwa, nacho kitenge ni chako. Sikutaka kutumia simu kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima. Wewe mwenyewe uliniambia.

Dada, tangu tumzike Ezéchiel mwezi wa tatu umeniuliza maswali matatu. Uliniuliza kwa nini katika video ya mazishi jeneza la mume wako halikufunguliwa, nikakujibu kwamba ndiyo sheria ya mji huu. Hakuna sheria hiyo. Uliniuliza kama ni kweli alikuwa amelewa, kwa kuwa maneno hayo yalifika huko na kanisa lenu likakataa kumfanyia ibada ya kumaliza matanga. Nikakujibu kwamba mimi sikuwapo. Na uliniuliza alikuwa akitafuta nini ndani ya kizimba cha mnyama siku ya Jumapili, mtu ambaye hakukosa kanisa hata akiwa na malaria. Hilo sikulijibu kabisa. Leo nayajibu yote, na itabidi nianzie mbali, kwa sababu mimi ni karani na sijui kueleza jambo bila kulipanga.

Unajua kwamba kazi yangu ni ukarani, huko Pinetown. Sijawahi kukuambia ni ukarani wa nini, maana niliona haya. Mtoto wa Mwalimu Ladislas, aliyejifunza Kilatini seminari ndogo kwa Padri Apollinaire, anawaandikia mbwa vyeti. Kampuni inazalisha mbwa wa ulinzi na kuwakodisha kwenye yadi, maghala na majumba ya watu wanaoogopa, na katika mji huu wanaoogopa ni wengi. Kila mbwa anakuwa na hati ya ukoo: baba yake, mama yake, babu zake, rangi yake, tabia yake. Mwenye kampuni, ambaye jina lake sitaliandika hapa, alinipenda siku alipogundua kwamba najua mambo ya Warumi. Wale mbwa wake wakubwa weusi, wenye mashavu yanayoning'inia, asili yao ni Italia, na husemwa kuwa ni wajukuu wa mbwa waliofuatana na majeshi ya Roma. Akaniambia niyaweke hayo kwenye hati. Mteja analala vizuri, alisema, akijua mlinzi wake ana miaka elfu mbili kazini.

Nami nilifurahi, dada. Miaka minne nilikuwa nimepakia masanduku na kufagia saluni, na sasa mtu alinilipa kwa kitu nilichokisoma. Niliandika jinsi Warumi walivyochora mbwa mwenye mnyororo kwenye sakafu ya mlango, kwa vijiwe vidogo vya rangi, na chini yake maneno ya kumwonya mgeni. Niliandika jinsi walivyoshauri mbwa wa nyumba awe mweusi, ili mchana amtishe mwizi kwa sura yake na gizani asionekane. Lakini mbwa wa zizi awe mweupe, ili mchungaji anapoamka alfajiri, macho yakiwa bado na ukungu, asimpige rungu mbwa wake mwenyewe akidhani ni mbwa mwitu. Walimvisha huyo mweupe mkanda wa shingoni wenye misumari, mbwa mwitu asipate kumkaba koo. Na bado watu hao hao walijiita watoto wa mbwa mwitu jike, yule aliyewanyonyesha mapacha Romulo na Remo mtoni. Walimwogopa na walimwita mama.

Kuna hadithi moja sikuiandika kwenye hati yoyote. Padri Apollinaire alikuwa akitusimulia kila mara mmoja wetu alipoficha kosa la mwenzake. Adui waliupanda mlima wa Roma kimyakimya, mbwa wa ngome wasibweke, na mji ukaokolewa na kelele za mabata bukini. Tangu hapo, kila mwaka, Warumi waliwatundika mbwa msalabani wakawapitisha mitaani, na nyuma yao bata bukini akabebwa juu ya mto wa zambarau kama mfalme. Darasa zima tulicheka. Padri hakucheka. Alisema mbwa hakuadhibiwa kwa kuuma, aliadhibiwa kwa kunyamaza.

Kazini kuna mama mmoja, Ernestina, Mmsumbiji, ndiye anayewalisha wanyama na kuosha vizimba. Kiswahili chake amekiokota kwa Wakongo, kwa hiyo kina mambo. Alikuwa akipita dirishani kwangu na ndoo, anauliza leo nimemzalia mbwa babu wangapi. Siku moja akasema, "Eish, karani, huyu mbwa iko na babu wengi kuliko mimi, lakini angalia, anakula mavi yake." Ndivyo tulivyoishi, kwa utani, mpaka mwezi wa nane mwaka jana.

Mwezi huo mwenye kampuni alileta mnyama kutoka shamba moja la bara, kuelekea milimani. Dume, mkubwa, manyoya meupe yenye vumbi la kijivu mgongoni. Alikuja na kadi, nami ndiye niliyeipokea ile kadi kwa mikono hii. Baba: mbwa mweupe wa Uswisi. Mama: mbwa mwitu. Sisemi wale mbwa wa porini wenye mabaka wanaoonekana katika mbuga za huku. Ni mbwa mwitu wa Ulaya, yule wa kwenye Biblia, anayekuja akiwa amevaa ngozi ya kondoo. Kuna watu hapa wanaowafuga kwenye ua wa nyaya, na damu ikichanganyika hivyo inahitajika ruhusa ya ofisi ya wanyamapori. Mwenye kampuni hakutaka kuiomba.

Aliniita ofisini kwake akanieleza kwa upole kabisa. Mnyama ni mtulivu, alisema, na mweupe, nawe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba mweupe ndiye mbwa. Alitaka niandike kwamba mama yake ni mbwa wa wachungaji wa Italia, wale weupe ambao hata leo wanachunga kondoo kule kama walivyochunga enzi za Roma. Nilisema, nikimwangalia viatu, kwamba kadi inasema vingine. Akacheka. Akaniambia kwamba mimi niko nchi hii kwa karatasi, hakuna anayenipima damu, basi nimwachie na mbwa naye aishi kwa karatasi. Aliposema hivyo aliweka kidole juu ya faili langu, lenye barua yake ninayoipeleka kila mara ninapokwenda kuongeza muda wa kibali cha ukimbizi.

Niliandika. Kadi niliipitisha mwenyewe kwenye mashine ya kukata karatasi. Akaniomba jina la Kirumi, nikachagua Remo, kwa sababu ya maziwa ya mbwa mwitu. Nilijiona mwerevu kwamba nimeacha ukweli mdogo ndani ya uongo. Sikukumbuka kwamba Remo aliuawa na ndugu yake.

Sasa nakuja kwa mume wako.

Ni wewe uliyeniandikia, mwezi wa kumi, kwamba Ezéchiel anaona haya kukaa bila kazi na nimtafutie chochote. Nisamehe kukukumbusha, silitaji ili kukugawia mzigo. Nilimwombea lindo kwa kampuni. Wakampeleka kwenye yadi ya magari ya mitumba karibu na bandari, yale yanayosubiri kupelekwa kwetu Kongo. Mwanzoni mwa mwaka mpya wakampelekea mnyama wa kumsaidia. Walimpelekea Remo.

Mlinzi hapa anapewa kitabu cha lindo, aandike kila saa aliloliona. Hakuna anayekisoma, kinachotakiwa ni ukurasa usiwe mtupu. Ezéchiel, kwa kuwa Kiingereza kilimshinda, aliandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake wa kusimama wima kama safu ya wanajeshi. Wenzake wanaandika "sawa, sawa, sawa" mpaka chini ya ukurasa. Yeye aliandika mvua imeanza saa ngapi, lori limekuja na namba gani, paka mwenye mimba amelala chini ya basi gani. Na kuanzia mwezi wa pili aliandika habari za Remo.

Jumamosi moja alasiri alikuja chumbani kwangu Glenwood, nikapika ugali na sombe, akala mpaka akafungua kifungo cha suruali. Alikuwa anachechemea, alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori akaumia mguu wiki ile. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ninayasikia kila siku.

Aliniambia, "Shemeji, ule mnyama wenu habweki. Mwizi akipita, habweki. Mimi nikifika, habweki. Anaangalia tu. Iko na macho ya njano, kama mtu mwenye homa ya manjano. Na tangu niumie mguu hakai mbele yangu tena, ananifuata nyuma."

Dada, mimi nilijua. Nilikuwa nimeiona ile kadi. Na Ernestina alikuwa ameshaniambia, bila kusoma kitabu chochote, kwamba mnyama anayehesabu hatua za mtu si mbwa. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu: ni mbwa mwitu. Lakini ukuta wa chumba kile ni mbao nyembamba, na kibali changu kilikuwa kinaisha mwezi uliofuata. Na kuna jambo jingine ninaloona aibu zaidi kulisema. Ezéchiel, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa akinisikiliza kama anavyosikilizwa mwalimu. Nilipenda vile alivyokuwa akiniangalia. Basi nilimfundisha. Nilimweleza habari za Warumi na mbwa wa zizi, na rungu, na ukungu wa alfajiri, na nikamalizia kwamba manyoya meupe ndiyo alama ya mbwa, imejulikana miaka elfu mbili.

Alicheka, akanipiga begani. "Wewe na Kilatini chako! Padri aliharibu pesa ya bure kwako, ungekuwa askofu. Haya, manyoya meupe, basi ni mbwa. Nitalala."

Alikunywa maji, akasali, akaondoka kuwahi taxi.

Alikufa siku ya nane baada ya hapo, Jumapili asubuhi, saa moja na nusu. Sikuwapo, hilo ni kweli, lakini ninajua jinsi ilivyokuwa kwa sababu nimepelekwa kuona, na nimesoma. Mtu wa kumpokea lindo alikuwa amechelewa. Ezéchiel akaamua kumlisha Remo na kuosha kizimba kabisa ili aende kanisani moja kwa moja. Alikuwa ameshavaa viatu vya kanisa, vile vyeusi ulivyomtumia, vyenye soli laini. Alimwaga maji. Akateleza. Mbwa wa ulinzi akimwona mtu wake ameanguka, humlamba. Yule hakuwa mbwa, na alikuwa amemsubiri aanguke tangu siku alipoanza kuchechemea.

Ndiyo sababu jeneza halikufunguliwa. Sitaandika zaidi ya hapo. Nimeomba Mungu usije ukataka kujua zaidi.

Kampuni ilisema kwamba alikuwa amelewa na kwamba alimchokoza mnyama kwa fimbo. Fimbo ilikuwa ufagio. Na ulevi waliutoa wapi? Walinusa divai. Nguo zake na mfuko wake vilinuka divai, hata polisi waliandika hivyo, na mtu akiwa amekufa ananuka divai asubuhi, nani atauliza la pili?

Siku ya tatu mwenye kampuni aliniwekea kile kitabu cha lindo mezani. Alisema polisi wanataka kujua kimeandikwa nini, na mji mzima yeye anamjua mtu mmoja tu wa kukisoma, na mtu huyo anakula mkate wake. Akasema nisiwachoshe polisi kwa mambo marefu. Nikakitafsiri. Pale Ezéchiel alipoandika "mnyama habweki", niliandika kwamba mnyama ni mtulivu. Pale alipoandika "ananizunguka kutoka nyuma, nimeogopa", niliandika kwamba mnyama anazunguka yadi. Nilikula kiapo mbele ya polisi kwamba tafsiri ni kamili, nikatia sahihi. Baadaye tulienda kumzika, nami nikashika kona ya jeneza.

Tangu hapo nimekuwa nikijiambia kwamba nililazimishwa. Nilimwambia Ernestina hivyo, nilimwambia Mungu hivyo. Ningeendelea mpaka leo, kama si fomu.

Jumatatu ya tarehe 26 mwezi uliopita, mwenye kampuni alinipitishia fomu mpya juu ya meza. Mnyama mweupe, dume, miaka miwili. Mama: mbwa wa wachungaji wa Italia. Anakwenda kwa familia moja huko Pinetown, yenye ua mkubwa na watoto wawili. Nilitazama dirishani, nikamwona Ernestina amesimama kwenye kizimba cha mwisho, hana ndoo, ananiangalia mimi. Mle ndani alikuwamo Remo. Hawakumwua. Walikuwa wamemficha shambani mpaka maneno yapoe. Mwenye kampuni alisema, kwa upole uleule, kwamba anahitaji jina jingine la Kirumi, kwa sababu mimi ndiye ninayeyajua.

Nilijibu kwamba nitalifikiria wakati wa chakula. Nikafungua kabati, nikakitoa kitabu cha lindo, ambacho polisi hawakukihitaji tena baada ya tafsiri yangu, nikakiweka chini ya shati langu, nikatoka kama ninayekwenda kununua mkate. Sikurudi. Nilipanda taxi hadi Glenwood, kwa mwanasheria mmoja mwanamke anayewasaidia wakimbizi bila malipo, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Kesho yake watu walikwenda na karatasi ya serikali wakamchukua mnyama na kumpima damu. Damu yake itasema nilichonyamazia. Wale watoto wawili hawatamwona. Mwenye kampuni sasa anajua ni nani aliyesema, na watu wawili nisiowajua walikuja kuniulizia Glenwood. Ndiyo maana niko hapa ninapojificha.

Lakini, dada, sijamaliza. Haya yote niliyoandika ningeweza kuyasema mbele ya mchungaji nikabaki nimesimama. Lililobaki siwezi. Nimeliacha mwisho kama mtoto anavyoacha dawa chungu kwenye kikombe, na sasa kikombe ni kitupu isipokuwa hilo.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu sikuutafsiri kabisa. Mwenye kampuni hakuniambia niuache. Hawezi kuusoma, hakujua kama upo. Nilimwambia ni mtupu, akaamini. Ulikuwa na mistari miwili, ya asubuhi ile. Nainakili hapa kama alivyoiandika:

"Saa 12.00. Shemasi mwenzangu amenipitishia chupa ya divai ya Meza ya Bwana, niifikishe kanisani. Nimeiweka kwenye mfuko wangu wa begani, haijafunguliwa, kizibo kiko sawa.

Saa 1.10. Ninaingia kulisha Remo na kuosha. Leo naogopa, ila shemeji Anicet aliyesoma amesema manyoya meupe ni mbwa."

Huo ndio ulevi wa mume wako. Chupa ya kanisa ilivunjika chini yake alipoanguka. Aliiandika, akiwa mzima, kwa mkono wake, na kwamba kizibo kiko sawa, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Mstari mmoja ule ungefunga vinywa vyote, vya Durban na vya Uvira, na kanisa lenu lingemfanyia ibada kwa heshima ya shemasi aliyekufa akiwa amebeba vitu vya Bwana. Lakini mstari wa pili ulikuwa na jina langu, na ilikuwa karatasi moja. Ili kulificha jina langu nilificha divai yake. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikaa na ule ukurasa dakika chache tu, mchana kweupe, Ernestina akiimba nje, nikachagua.

Kila mliposimama nyuma kanisani mkiona haya, wewe na watoto, mlikuwa mmesimama mahali pangu.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nimeona si haki kukuomba kitu ukiwa umefunga mlango peke yako. Tarehe 2 Julai mahakama itaanza kuchunguza kifo cha Ezéchiel, na nitaingia na kitabu. Nitausoma ukurasa ule kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza kama alivyouandika, kisha kwa Kiingereza, na jina langu nitalitaja mahali pake. Mwanasheria amenionya kwamba ninaweza kushtakiwa kwa hati ile na kwa kiapo kile, na kibali changu kinaweza kupotea. Ninaogopa sana. Nakuandikia hilo ili usije ukaambiwa kwamba mdogo wako alikuwa shujaa. Ernestina naye amekubali kuja. Aliniambia kwa simu kwamba mimi ni mpumbavu, kwamba Kilatini kimenikausha ubongo, na kwamba atanifulia shati la siku hiyo.

Pamoja na barua utakuta picha ya ukurasa wenyewe, nimeipiga vizuri, mwandiko unasomeka. Kitabu nimemwachia mwanasheria. Ikishapita tarehe 2, si kabla, mpelekee mchungaji wenu ile picha. Usimpe, mwonyeshe tu, halafu irudishe kwenye Biblia ya Ezéchiel. Ibada yake ni haki yake sasa.

Nisalimie mama mkwe, lakini kwa kinywa tu, bila kusema salamu zimetoka wapi. Wabusu watoto. Kitenge kishone kabla ya ibada.

Kunipata ni hivi. Namba yangu ya zamani usiipige, iko mikononi mwa watu wengine. Kwenye ncha ya kitenge, upande wa ndani, Mama Immaculée ameshona kipande cha kitambaa chenye namba ya Larissa, binti wa Bukavu mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na Point. Mpigie Jumatano au Ijumaa, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, ukitumia simu ya jirani. Usitaje jina langu wala lako. Mwambie unauliza kama kioo cha simu ya shemasi kimepatikana. Atakuambia usubiri, atapanda ghorofani, nami nitashuka. Itachukua kama dakika tano, usikate. Nikishika simu sitasema kitu mpaka nisikie sauti yako. Ukitaka kunilaani, nilaani. Ukitaka kulia, lia mpaka muda wa simu uishe, kisha upige tena Ijumaa. Lakini nakuomba, dada, usipige halafu ukanyamaza.

Ni mimi mdogo wako,
Anicet